Mapacha Niliowapata Kasrini

Najua mmeshaisikia, msijifanye. Habari iliyotoka Woodbury kwa wifi yangu Rukia imeshafika mpaka kwa yule bibi anayeuza ubani hapa ghorofa ya chini, kwa sababu juzi aliniuliza "watoto hawajambo?" huku amejibana asicheke, nikajua basi, aibu yangu imeshakuwa ya kila mtu hapa Cedar na Minneapolis nzima. Kwa hivyo leo nimefunga cherehani, chai iko mezani, nawahadithia mwenyewe kwa mdomo wangu, maana mimi nilikuwepo na Rukia hakuwepo, na yale aliyoyaongeza Rukia ni yake.

Kwanza mnanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu, nasema ukweli. Kifurushi kikiachwa mlangoni kwangu kule Fridley nakitazama kwanza dirishani kama kitatikisika. Mteja akijaribu gauni akasema limemkaa vizuri bila kulalamika hata kidogo, nashuku hatarudi kulichukua. Athman, mume wangu, ambaye ni dereva wa basi la shule na anamwamini kila mtu mpaka yule jamaa aliyemuuzia gari lisilo na hita, husema mimi nikifika peponi nitaomba kwanza nionyeshwe kitambulisho cha malaika. Basi na tabia hiyo ndiyo niliyosafiri nayo kwenda Ufaransa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mama Nadège. Wengine hamumjui: ni jirani yangu, Mkongomani wa Bukavu, mama wa watu wazima watatu, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na moyo wake ni mpana kama mlango wa karakana. Mpwa wake alikuwa anaoa kule Ufaransa, kwenye mji mmoja mdogo karibu na mto Loire, na mimi ndiye niliyeshona magauni ya sare, kumi na mawili, kitenge cha bluu na mikono ya puto. Nilidhani nitayakunja, nitayatia sandukuni, kwisha. Mama Nadège akakataa kabisa. "Dada, weye utakuja na sindano yako," akaniambia, "wanawake ya kwetu wananenepaka ndani ya ndege."

Hapa Cedar nilipotangaza safari, kila mtu alikuwa na binamu aliyeibiwa Ufaransa. Mmoja alikatwa mkoba begani akiwa ameushika. Mmoja alivuliwa saa huku anasalimiwa. Mwengine (huyu siwezi kuapa) aliibiwa viatu amevivaa. Nikasikiliza nikayaweka moyoni yote, kwa sababu nilikuwa nabeba kidani cha mama mkwe wangu. Bi Khadija, mamake Athman, alinivisha kidani kile kwa mkono wake siku ya harusi yangu kule Mombasa, dhahabu ya zamani, sahani tatu ndogo zinazoning'inia zenye nakshi, alichopewa na mamake yeye. Na mnajua tena, mimi na Athman mwaka wa tisa huu hatujajaaliwa mtoto, na kila nikikivaa kidani kile nahisi kama nimeazimwa tu mpaka nitakapoonyesha kazi. Bi Khadija hakuwahi kusema neno, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Mama mkwe asiyeuliza, mimi nilijua, ana jambo anapanga. Nilishuku kwa miaka kwamba anamtafutia mwanawe mke wa pili huko huko Mombasa.

Basi, harusi ikapita salama Jumamosi, magauni yakakaa (ila mawili niliyafumua ubavuni, Mama Nadège alikuwa na haki), na kidani kikasifiwa mpaka na mama wa bibi harusi. Jumatatu wenyeji wakasema wageni wa Amerika hawawezi kuondoka bila kuliona kasri. Ni kasri la kale la mawe meupe, mapaa yake meusi yamechongoka juu kama penseli, limezungukwa na handaki la maji lenye mabata, na waliolimiliki zamani waliacha ndani yake picha za kuchora, mazulia ya ukutani, vyombo, vito, makochi, kila walichokusanya kwa vizazi. Mimi na picha za kuchora hatujuani. Lakini Mama Nadège alinionyesha kwenye simu picha moja ya humo ndani, mwanamke aliyevaa gauni la hariri ya manjano, viwiko vyote lesi, nikamwambia twende sasa hivi.

Kidani sikukiacha chumbani. Mwanamke anayesafisha nyumba tuliyopanga alinitabasamia mara mbili asubuhi ile, na mara mbili kwangu ni nyingi. Nikakitia kwenye mkoba wangu wa ngozi, ule mkubwa mnaoujua, pamoja na pasipoti, karatasi zangu za Amerika, tepu ya kupimia, mahamri manne na chupa ya maji.

Mlangoni pa kasri kulikuwa na msichana wa tikiti. Akauangalia mkoba, akatikisa kichwa kwa adabu, akanionyesha ukutani makabati madogo ya chuma. "Mikoba mikubwa inabakia hapa," Mama Nadège akanifasiria. "Utapewa ufunguo." Nikautazama ufunguo wenyewe, mwembamba kama wa kisanduku cha pipi. Halafu pembeni ya makabati alikuwa amesimama mwanamume mwenye jaketi la ngozi anasoma ramani ya bustani. Jamani, mtu mzima, ramani ya bustani, dakika tano nzima hageuzi upande? Nikajua huyu anasubiri nigeuze mgongo.

Nikamwambia Mama Nadège naenda msalani mara moja, atangulie kukata tikiti. Na huko msalani ndipo nilipofanya lile jambo dogo ambalo nikilikumbuka mpaka leo natamani sakafu ifunguke: nilitoa leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nikauweka mkoba mbele ya tumbo, nikaufunga na leso kwa nguvu nyuma, nikashusha buibui langu juu yake. Nikajitazama kwenye kioo. Wallahi nilijiona nimenenepa kidogo tu. (Kioo chenyewe kilikuwa kidogo na taa hafifu, na mimi nilikuwa naangalia kama mkanda wa mkoba unaonekana, si jambo jingine.) Nikatoka nikitembea polepole, mkono mmoja chini ya mkoba nikiushikilia usidondoke.

Yule msichana wa tikiti aliponiona, uso wake ukalainika kama siagi. Akatoka kwenye kiti chake, akafungua kamba, akatupitisha sisi wawili mbele ya foleni nzima ya watu, na watu wenyewe wakatupisha huku wananitabasamia. Mama Nadège alikuwa ameshika simu anapiga picha dari, hakuona kitu. "Unaona Wafaransa?" akaniambia. "Wanapenda wageni." Nikasema moyoni, hakuna mtu anayependa wageni namna hii, kuna jambo.

Magoti ya Mama Nadège hayataki ngazi, kwa hivyo alibaki chini kwenye jiko la zamani lenye sufuria za shaba ukuta mzima, akasema atanisubiri hapo na amrekodie Rukia video. Mimi nikapanda peke yangu. Na nilipofika ghorofa ya kwanza nikamwona mlinzi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa makamo, masharubu yamechanwa vizuri, suti ya bluu, redio kiunoni. Aliniangalia usoni, akaniangalia tumboni, akaniangalia usoni tena. Nikakaza mkono kwenye mkoba. Nikaingia chumba cha kulia, naye akaingia. Nikapita kwenye chumba chenye mazulia ya ukutani yaliyofumwa farasi na mbwa, naye huyo mlangoni. Nikasimama ghafla nijifanye nafunga kiatu (kuinama penyewe siwezi, mkoba unanichoma mbavuni), nikatazama nyuma ya bega, amesimama hatua tano, mikono mbele, kama mtu anayejitayarisha kudaka mpira. Chumbani mlikuwa na watu kama ishirini, wazungu watupu, hakuna aliyefuatwa ila mimi mwenye buibui. Damu ikanichemka. Nikasema, ala, mpaka huku? Duka la nguo kule kwetu nafuatwa, na kwa marehemu hawa nako nifuatwe?

Ndipo nikafika kwa yule mwanamke wa gauni la manjano.

Mashoga zangu, nilisahau mlinzi. Picha ni kubwa kuliko mlango wa duka hili. Ile hariri unasikia itakavyolia ukiishika. Yule mchoraji aliifahamu nguo: mkunjo unapoanzia kwapani unakuja umekazika, ukifika kiunoni unaachia, na mshono wa ubavuni ameuchora umevutika kidogo, maana yake fundi wa yule mama alikata kitambaa pungufu na mama mwenyewe alikuwa ameongezeka. Miaka mamia, na kosa la fundi mwenzangu liko ukutani watu wanalipia kuliona! Nikasogea nione lesi ya kiwiko. Nikasogea tena. Nilichosahau ni kwamba mwili wangu siku ile ulikuwa umeanzia mbali kuliko kawaida. Mkoba ukavuka kamba, na kengele ikaanza kulia, pii pii pii.

Yule mlinzi akaja mbio. Nikajiandaa kugombana kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha madrasa. Badala yake akazima kengele, akatoka, akarudi na kiti. Kiti chenye mto! Akakiweka nyuma yangu akasema maneno mengi laini. Sasa mimi Kifaransa changu ni neno moja, "oui", yaani ndiyo, alilonifundisha Mama Nadège kwenye ndege, akaniambia ukisema hilo hutaharibu kitu. Nikafikiria, huyu anataka nikae ili apate kunipekua vizuri. Nikakataa kwa kichwa. Akainua vidole, mmoja, wa pili, wa tatu, akauliza neno huku nyusi zimepanda. Nikaona ananiuliza nimeshapita vyumba vingapi. Nikahesabu, nikamwonyesha vidole vinne.

Akashangaa. Akautazama mkoba, yaani tumbo, akapiga mluzi mdogo, akainua vidole viwili. Nikajua anauliza tumekuja watu wawili? Nikasema, "Oui, oui."

Huyo mtu alifurahi, hamjapata kuona. Akaweka mkono kifuani, akawageukia mzee mmoja na mkewe waliokuwa karibu akawaambia kitu, nao wakanipigia makofi madogo, kwanza mume kisha mke. Nikasema moyoni, Zuhura, wameshajua uko na mwenzio, sasa wanakwenda kumshika na yeye.

Na kweli mlinzi akashuka chini upesi. Mimi sikumfuata. Nilifikiria hii ndiyo nafasi yangu ya kumpoteza, na hapa ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu niliona pembeni ngazi nyembamba za mawe zinazozunguka kama konokono, nikaanza kuzipanda.

Niwaambie kilichokuwa kinaendelea jikoni wakati huo, maana mimi nilikijua baadaye. Mlinzi alimtafuta yule mwanamke mwingine mweusi aliyekuja nami, akampata amesimama na sufuria za shaba, akamwambia kwa Kifaransa kizuri cha upole kwamba rafiki yake ana miezi minne, mapacha, na ngazi za juu zimelika na zinateleza, basi afadhali ashuke wakae bustanini, yeye atawaletea maji. Mama Nadège akashika meza. Alikuwa amenitia kwenye dua zake za Jumapili kwa miaka yote tuliyokaa jirani. Na papo hapo akakumbuka kwamba nilitapika kwenye ndege (ni yule samaki), kwamba nilikataa jibini la harusi (lilinuka), na kwamba sisi watu wa pwani tunaficha mimba tukiogopa kijicho. Mambo yote yakajipanga kichwani mwake. Akalia. Halafu akashika simu, na simu ilikuwa tayari imefunguliwa kwa Rukia.

Mimi huku niko katikati ya konokono. Ngazi ya ishirini au zaidi, pumzi imekwisha, nikasikia fundo la leso nyuma linalegea. Mkoba ukashuka nusu. Nikaudaka kwa mikono miwili, nikajikunja, na nikapiga ukelele, "Yallah! Kinashuka!" maana nilikuwa nafikiria kidani. Chini yangu nikasikia viatu vinapanda mbio, mlinzi amerudi, amenitafuta, amenikuta nimejikunja ukutani nimeshika tumbo linaloteremka. Uso wake ukawa mweupe zaidi ya ulivyokuwa. Akapiga kelele kwenye redio. Akanishika kwapani, akanipandisha ngazi zilizobaki mpaka kwenye chumba cha juu, na kile chumba kilikuwa cha mke wa mwenye kasri, kina kitanda cha pazia za buluu na kabati za vioo zilizojaa vito vyake. Watu wakakusanyika. Mama mmoja akavua koti akalitandika sakafuni. Mwengine alikuwa ananionyesha jinsi ya kupumua, fuu, fuu, fuu. Na mimi nawaambia "No, no!" nikijaribu kusimama, na niliposimama leso ikaachia kabisa.

Mkoba ulianguka puu. Ukafunguka mdomo. Mahamri yakabingirika mpaka chini ya kitanda cha marehemu, tepu ya kupimia ikajikunjua kama nyoka, na mbele ya macho ya wote, kando ya kabati za vito, kikatoka kidani cha dhahabu.

Yule mama wa fuu fuu mdomo wake ukabaki umechongoka. Halafu mzee mmoja akakinyooshea kidole kidani, akakinyooshea kabati, akasema neno moja tu, na sikuhitaji mkalimani.

Mlinzi alinitazama, na yale macho, jamani, ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote, kwa sababu yalikuwa yameacha kuwa laini. Nilikuwa nimemshuku tangu ghorofa ya kwanza, sasa yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kunishuku.

Milango ikafungwa. Nikapelekwa kwenye ofisi ndogo yenye mafaili na mashine ya kahawa, akaja mama msimamizi wa kasri, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, akakiweka kidani kwenye kitambaa cheupe. Mama Nadège akaletwa. Macho yake mekundu, akaniangalia tumboni, akaona pako bapa, akakaa chini bila kuambiwa.

"Muulize kwa nini alikificha mwilini," mama wa miwani akasema, na Mama Nadège akanifasiria.

"Mwambie ni changu. Nilikuwa naogopa wezi."

"Wezi gani?"

"Wezi wa hapa. Wa kwao."

Mama Nadège akanitazama. "Dada, hiyo mimi sisemi," akanong'ona. Akasema kitu kingine kirefu cha adabu, sijui nini, mpaka leo hataki kuniambia.

Kilichoniokoa ni harusi. Mama Nadège alifungua picha za juzi yake, nimesimama na bibi harusi, kidani shingoni, sahani zote tatu zinaonekana. Mama wa miwani akapanua picha kwa vidole, akalinganisha nakshi, akamtuma mtu akahakikishe kabati za vito hazijaguswa, akarudi akasema ziko sawa. Akakikunja kidani kwenye kile kitambaa cheupe, akanipa kwa mikono miwili, akaomba radhi. Yaani yeye ndiye aliyeomba radhi! Nilitamani anitukane nipate nafuu.

Halafu mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akazungumza taratibu. Mama Nadège akafasiri huku anaangalia sakafu. "Anasema mwaka jana mama mmoja mwenye mimba alianguka kwenye ngazi zile, na yeye alikuwa mbali. Ndiyo maana leo hakutaka kuwa mbali."

Nilimpa mkono, naye akaupokea, na nikasema neno langu moja la Kifaransa, ambalo hapo halikuwa na maana yoyote.

Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi karibu na mabata. Nikajua yamekwisha. Mama Nadège akapenga kamasi, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Dada. Kwa hiyo mapacha hakuna?"

"Mapacha gani?"

"Juu ya nini ulimwambia yule bwana miezi ine?"

"Vyumba vinne!"

Akafunika uso kwa mikono. "Mungu wangu," akasema. "Nilishatuma."

Nilitoa simu yangu. Sijawahi kuiona imejaa hivyo. Rukia kwanza, anapiga vigelegele mpaka kipaza sauti kinakwaruza, halafu wanawake wa Woodbury, halafu mpaka imamu wetu amenitumia dua. Katikati yao ujumbe wa sauti wa Athman, amesimamisha basi mahali: "Zuhura, kwa nini hukuniambia? Nimekaa kwenye kiti cha dereva nalia, watoto wa watu wananiangalia." Na wa mwisho kutoka Mombasa, Bi Khadija, ambaye huwa hatumi sauti kwa sababu anasema simu inamfanya azungumze kama kuku. Alikuwa anasoma dua. Nyuma yake wanawake wanacheka na sahani zinagongana, ameshaita majirani, kaimati zimeshakaangwa.

Athman nilimpigia kwanza. Nilimweleza yote haraka haraka. Akasema, "Mkoba?"

"Mkoba."

"Ule mkubwa?"

"Ule mkubwa."

Akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyetoka kulia, akasema, "Kwa mama utapiga mwenyewe. Mimi siwezi."

Nikapiga. Nikamwambia Bi Khadija, mama, nisamehe, hakuna mtoto, ilikuwa mkoba, na nikamsimulia mpaka kwenye mahamri chini ya kitanda. Nilisikia anaondoka kwa wageni, mlango unafungwa, kitanda kinalia anakaa.

"Mwanangu," akasema, "miaka tisa naogopa kukuuliza. Nilidhani hutaki watoto. Nilidhani mwanangu ameoa mtu asiyetutaka."

"Mimi nilidhani unamtafutia mke mwengine."

"Mke mwengine?" Akaghadhibika kabisa. "Mmoja tu huyu ananipa presha, nitafute wa pili wa nini?"

Tukacheka, halafu nikalia, naye akanisubiri. Tulizungumza hapo karibu na mabata mpaka simu ikaanza kuomba chaji. Nikamweleza habari za hospitali, madaktari wawili, dawa, mambo ambayo Athman nilimkataza asimwambie mtu. Akaniuliza maswali ya kweli kweli kama dada. Mwishoni akasema kaimati hazirudishwi kwenye unga, atawaambia majirani kwamba ni za kushukuru mkwewe hakufungwa Ufaransa, na kweli hivyo ndivyo alivyowaambia.

Mngedhani hapo ndiyo mwisho. Lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia Rukia. Mimi nilidhani Athman atamwambia, Athman akadhani mimi, na Mama Nadège alikuwa ameapa hatashika simu tena mpaka afike Fridley. Basi tulipotoka uwanja wa ndege hapa Minneapolis, nimechoka, buibui limekunjamana, nikamwona wifi yangu na wanawake wanane, maputo ya waridi na ya buluu, na mbele yao kigari cha kusukuma watoto, cha viti viwili ubavu kwa ubavu, kipya kabisa, kina utepe. Vigelegele vikapanda mpaka askari wa uwanja akageuka. Na mimi nikasimama mbele ya abiria wote walioshuka kwenye ndege ile, nikalivuta buibui langu likanikaa mwilini, nikageuka ubavu waone wenyewe. Vigelegele vikazimika kimoja kimoja. Puto moja likamponyoka mtu likapanda darini. Rukia akauliza, "Umejifungulia huko huko?"

Basi. Hiyo ndiyo aibu yangu yote, haina kilichobaki. Kutoka siku ile nimeapa, kabati likiwa na ufunguo, hata uwe wa pipi, mkoba wangu naufungia humo, na lugha nisiyoijua siiitikii kwa neno wala kwa kidole. Kushuku sijaacha, nisiwadanganye, lakini siku hizi nikimshuku mtu namuuliza kwanza, kwa lugha tunayoelewana, na mara nyingi nakuta naye amekaa na shaka yake.

Kigari Rukia alikataa kukirudisha dukani, akasema mwenye riziki si mimi wala yeye, kikae. Kimekaa, lakini bure hakikai. Kila Jumatatu nakitilia majora ya vitambaa, moja kila kiti, nafunika na leso yasilowe theluji, nashuka nayo kwenye treni nakuja hapa. Na mtu akianza kuinama na uso umeshalainika, "mashallah, mapacha?", namfunulia upesi aone ni kitenge, kabla hajatoa simu.